Tulivyokwenda Magamba Kujaribu Mashine ya TIG

Niliona lile kopo kabla kaka yangu hajashusha ngao usoni, na sikusema kitu. Watu wakiniuliza habari za mashine yangu huwa wanataka kujua ni ya ampea ngapi na niliipata wapi. Mimi siwezi kuizungumzia mashine bila kuanzia kwenye lile kopo.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Mpanda. Kuchomelea si kazi yangu. Ni kitu ninachokifanya Jumamosi nyuma ya nyumba, kama wengine wanavyokwenda kuangalia mpira. Nilikianza nikiwa bado msichana wa shule, kwenye karakana ya kaka yangu mkubwa, ambaye anatengeneza mageti na grili za madirisha kwenye barabara ya kwenda Kakese. Wazazi walikuwa Kasokola wakilima mahindi na karanga, na mimi kila likizo nilikuwa kwa kaka. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kushika rodi, namna ya kutembea nayo polepole, na namna ya kusikiliza. Alikuwa akisema moto ukilia kama mafuta yanayokaanga samaki, uko sawa. Ukianza kukohoa, umekosea.

Baadaye, nilipokuwa nimeshaajiriwa, niliweka mizinga ya nyuki kwenye pori dogo lililobaki pembeni ya shamba la wazazi. Asali ikawa inapatikana, na nikaanza kutamani mashine ya kuikamulia, lile pipa lenye kikapu ndani unachokizungusha kwa mkono mpaka asali inaruka na kuchuruzika ukutani. Nikaamua kulitengeneza mwenyewe. Nilipata bati la stenlesi la milimita moja, nikalikunja vizuri, nikaliunganisha kwa mashine ya kawaida ya rodi. Kila sentimita mbili nilitoboa tundu. Nikiziba tundu, lingine linafunguka pembeni yake. Mwisho nilikuwa na pipa lenye mshono mnene kama kovu, na baada ya wiki mbili mshono ule ukaanza kutoa kutu. Asali ina asidi, hilo ninalifundisha darasani. Nisingeweza kuwapa watu asali iliyopita pale.

Kwa bati jembamba la stenlesi inatakiwa TIG. Moto wake hautoki kwenye rodi inayoyeyuka bali kwenye sindano ya tangsteni ambayo haiyeyuki, na gesi ya agoni inapuliza kuizunguka ili hewa isiguse chuma kikiwa cha moto. Mkono mmoja unashika tochi, yaani mpini wenye ile sindano, mwingine unalisha waya kidogo kidogo. Ni kazi ya utulivu, haina moshi wala makelele. Nilisoma habari zake kwenye simu miezi mingi, mpaka nikawa naota sindano.

Mashine zilizokuwa ndani ya uwezo wangu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa mpya, kwenye duka moja mjini, ndogo kama begi la mwanafunzi. Ilikuwa na mkondo mnyoofu peke yake, maana yake inachomelea chuma na stenlesi lakini alminiamu haiwezi. Ya pili ilikuwa ya mtu wa Magamba aliyekuwa akitengeneza mitambo ya wachimbaji. Hiyo ilikuwa kubwa, iliyotumika, yenye mikondo yote miwili, na mwenyewe alikuwa anaiuza pamoja na mtungi wa agoni. Mtungi ndio ulionitoa mate. Kila niliyemuuliza gesi hiyo Mpanda alinielekeza Mbeya. Nilichoweka akiba kilitosha mashine moja, na nikikosea ningekaa miaka kabla ya kuthubutu tena.

Kaka alitaka ile kubwa. Alisema mashine ni kitu unachonunua mara moja, na kwamba nikichukua ndogo nitalia siku atakapokuja mtu mwenye injini ya pikipiki iliyopasuka. Nilimwambia mimi sina mpango wa kuchomelea injini, nataka pipa la asali. Akasema leo pipa, kesho utataka kingine. Alilisema jambo hilo kila tulipoonana, kwa hamu ambayo sikuielewa. Nilijua moyoni kwamba alikuwa ameshaihesabu mashine ile kama yetu wawili, na sikuona ni vipi ningemkatalia mtu aliyenilea.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona bila kuyaunganisha. Alikuwa ameanza kunipa tepu nimsomee vipimo. Geti moja alilolitengeneza kwa ajili ya jirani yangu lilikuwa na mshono uliotembea pembeni ya kiungo, kama mtu aliyepita kando ya daraja. Nilipomuuliza alisema rodi zilikuwa zimeshika unyevu. Na Jumamosi ile tuliyokwenda Magamba, alinipa ufunguo wa pikipiki yake akaniambia niendeshe mimi, goti linamsumbua. Sijawahi kuona kaka yangu akikaa nyuma ya mtu kwenye pikipiki yake mwenyewe.

Tulifika asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Mwenye mashine alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye uwanja uliojaa kompresa mbovu na pampu zilizofunguliwa. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akaniita Mwalimu tangu mwanzo. Mashine ilikuwa kwenye stoo ya matofali isiyo na dirisha. Kulikuwa na upepo, na agoni haipendi upepo, kwa hiyo alipoiwasha akaurudisha mlango mpaka ukabaki upenyo tu.

Feni ya mashine ililia kwa kukwaruza. Kibandiko cha maelezo kilikuwa kimesuguliwa mpaka kimekuwa cheupe. Niliuliza inaweza kufanya kazi dakika ngapi katika kila kumi kabla ya kupumzika. Alisema inapiga siku nzima. Niliuliza gesi inaendelea kutoka sekunde ngapi baada ya moto kuzimika, maana isipoendelea sindano inaungua. Akacheka kwa adabu, akamwambia kaka, "Mwalimu amekuja na mtihani." Kaka naye akacheka. Kicheko kile cha kaka kilinifunga mdomo kuliko kitu chochote ambacho yule bwana angeweza kusema.

Niliomba basi tujaribu kwenye stenlesi. Yule bwana akatafuta vipande viwili kwenye rundo la vyuma, vyenye mafuta mazito ya kompresa. Akavifuta kwa kitambaa, halafu akachukua kopo jekundu la kupulizia lenye picha ya breki ya gari, akavilowesha pande zote. Vikang'aa.

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuyasoma maandishi madogo ubavuni. Katikati ya neno moja refu kulikuwa na klorini. Nililijua neno hilo. Miezi mitatu au minne kabla, katika kusoma kwangu kwingi, nilikutana na onyo kwamba dawa za aina hiyo zikipigwa na mwanga na joto la kuchomelea zinageuka kuwa gesi nyingine. Gesi hiyo naifundisha kidato cha tatu kama habari za vita. Inaitwa fosijini.

Lakini nilijiuliza kama imeshakauka. Nilijiuliza kama nimelisoma neno vizuri kwenye mwanga ule hafifu. Nilifikiria kwamba kaka amechomelea tangu mimi sijaota meno ya ukubwani, na huyu bwana vilevile, na mimi nimeshaambiwa nimekuja na mtihani. Nilimwona kaka akinyoosha mkono kuchukua tochi. Zilipita kama sekunde kumi. Sekunde kumi ni nyingi. Unaweza kusema sentensi tatu. Sikusema hata moja. Akashusha ngao, nami nikashusha ya kwangu.

Moto ukawaka kwa mlio mwembamba. Kupitia kioo cheusi niliona kitu kilichonishangaza: kaka alikuwa ameinama mpaka ngao yake inakaribia kugusa tochi. Fundi hafanyi hivyo. Aliniambia hayo mwenyewe mara mia, weka kichwa pembeni, usikae juu ya moshi. Na moto haukuwa kwenye kiungo. Ulikuwa umbali wa vidole viwili, ukitangatanga juu ya bati zima, ukitafuta mstari ambao mimi niliuona wazi kutoka nyuma yake. Nikaelewa habari ya tepu, ya geti, na ya pikipiki, yote kwa mkupuo.

Hapo harufu ikanifikia. Ilikuwa kama majani mabichi yaliyokatwa yakafungiwa kwenye mfuko mpaka yakaanza kuvunda. Sikufikiri tena. Nilichomoa plagi ukutani, nikausukuma mlango kwa bega, nikamshika kaka kwenye mkono.

"Toka nje, kaka. Toka sasa hivi. Na wewe mzee, toka."

Walitoka kwa sababu ya sauti yangu, si kwa sababu walielewa. Nje kaka alivua ngao akaniangalia kwa hasira niliyokuwa nimeisahau tangu utotoni. Alikohoa mara mbili, akasema koo linawasha kidogo tu, na kwamba nimemwaibisha mbele ya mtu. Yule bwana naye alikohoa, akafuta macho, akasema atatuma maziwa, fundi akivuta moshi anakunywa maziwa na habari inaisha.

Niliwaeleza. Nilijitahidi kutumia sauti ya darasani. Nilisema gesi hii haifanyi haraka. Inakuchoma koo kidogo, halafu inakuacha. Unakaa masaa unajisikia mzima, unakula, unacheka, na wakati huo mapafu yanaanza kuvuja maji. Ukitembea sana au ukibeba mizigo, inawahi zaidi. Maziwa hayafiki huko. Nyie mnaona mko sawa, niliwaambia, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Yule bwana alikataa kwenda hospitali. Alisema amepulizia dawa ile miaka, hajawahi kulazwa. Nilimuuliza kama aliwahi kuchomelea juu yake kwa TIG akiwa amefunga mlango. Nilirudi stoo nikiwa nimebana pumzi, nikalichukua kopo, nikalitia kwenye mkoba wangu. "Mwalimu, hilo bado lina dawa ndani," alisema nyuma yangu, bila ukali, kama mtu anayekumbusha. Nilimwambia nitamrudishia, na kwamba ataniona hospitali ya mjini akibadili mawazo.

Kaka alipanda nyuma ya pikipiki. Sidhani kama aliniamini. Nadhani aliona uso wangu. Ile njia ya kurudi mjini sijawahi kuiona ndefu namna ile. Kila tulipopita kwenye makorongo nilipunguza mwendo ili asijikaze, halafu nikaongeza kwa sababu muda ulikuwa unakwenda, halafu nikapunguza tena. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake kwenye shingo yangu. Mara moja alikohoa nikasimamisha kabisa. Alisema, "Endesha, mdogo wangu. Ni vumbi."

Hospitalini alitupokea daktari mdogo wa umri, msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alimpima kaka akamkuta mzima. Mapafu safi, mapigo ya kawaida. Akaniangalia kama anayesubiri niseme kinachotuleta. Nilimwekea kopo mezani, nikaandika jina la gesi kwenye karatasi, nikamwomba asome kwanza ndipo aturuhusu. Alitoa simu yake, akasoma akiwa amesimama. Niliona uso ukibadilika katikati ya kusoma. Akamwambia kaka apande kitandani, na kwamba hata chooni asiende kwa miguu yake. Akamvalisha kidoleni kile kibano kinachopima hewa ya damu. Kikasoma tisini na saba. Alinivalisha na mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, kikasoma tisini na tisa.

Tukakaa. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Wifi, mke wa kaka, alikuja na chupa ya uji na kanga mbili, akauliza nini kimetokea, nami nikamweleza kila kitu, pamoja na zile sekunde kumi. Alimimina uji kwenye kikombe, akamshikia mume wake, na hakunitazama muda mrefu. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye, nisingemtazama mtu kama mimi.

Alipotoka kwenda kuongea na daktari, kaka alifungua macho.

"Uliona," alisema.

Nilijua hazungumzii kopo. Nikamwambia niliona.

"Jicho la kulia limefunga ukungu tangu mwaka jana. La kushoto linafuata."

"Kwa nini hukusema, kaka?"

"Ningesema, nani angeniletea geti?"

Alinieleza mengine taratibu, akipumzika katikati, kwa sababu daktari alimkataza kuongea sana. Alikuwa amesikia kwamba moto wa TIG umetulia, hauna moshi wala maganda yanayofunika mshono, na chuma kinachoyeyuka kinaonekana waziwazi kama maji kwenye kijiko. Alifikiri akiwa na mashine kama ile ataweza kuona tena. Ndiyo maana aliitaka ile kubwa, yenye nguvu, akidhani nguvu zaidi ni mwanga zaidi. Habari za injini za pikipiki alizizua tu. Nilikaa pale nimeshika ukingo wa kitanda. Miezi yote niliyokuwa nasoma habari za ampea na sindano, yeye alikuwa akinunua macho.

Kibano kilikaa kwenye tisini na saba mpaka saa nane. Saa nane na nusu kikawa tisini na tano. Nilisema moyoni kwamba amesogeza kidole. Saa tisa kikawa tisini na mbili, na kikohozi kikaanza, chepesi, chenye unyevu ndani yake. Wifi alikiona nilichokuwa nakitazama na yeye akaanza kukitazama. Tisini na moja. Tisini. Daktari alikuja kwa haraka, akaweka mashine ya oksijeni, akamwinua kaka akae, akaita mwenzake. Waliniambia nisubiri kwenye korido. Nilisimama ukutani, mikono nimeikumbatia, nikasikiliza kikohozi kile kupitia mlangoni nikijaribu kukipima kama nilivyofundishwa kuupima moto, kwa sikio.

Nilikuwa bado kwenye korido pikipiki ilipomleta yule bwana wa Magamba. Dereva alikuwa amemshika kiunoni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na midomo imeiva zambarau. Dereva alisema baada ya kuagana na sisi alikuwa amebeba pampu mbili za mteja mpaka kwenye gari. Aliponiona alijaribu kusema shikamoo kwa kuchanganyikiwa, yeye mkubwa kwangu. Nilimkimbilia daktari. Kwa kuwa walikuwa wameshasoma, hawakupoteza hata dakika moja. Walimlaza kitanda cha pili kwenye chumba kilekile, naye akavalishwa oksijeni.

Hali ya yule bwana ilikuwa mbaya kuliko ya kaka. Jioni iliingia akiwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Hakuwa na ndugu karibu, kwa hiyo nilikaa katikati ya vitanda viwili, wifi upande wa pili. Wakati mmoja alinipungia kidole nisogee. Aliinua kile kifuniko cha oksijeni kidogo.

"Mwalimu, ile mashine, upande wa alminiamu ulikufa. Inawasha taa tu."

Nilimrudishia kifuniko nikamwambia asiongee. Sikukasirika. Sidhani kama kulikuwa na nafasi ndani yangu ya kukasirika. Yeye alifumba macho, na chozi likamtoka pembeni, nami nikageukia upande wa kaka ili asione kwamba nimeliona.

Kulipopambazuka vibano vyote viwili vilikuwa vimeanza kupanda. Kaka alitoka hospitali baada ya siku tatu, yule bwana baada ya siku sita. Daktari aliniambia kaka asingeletwa mpaka aanze kukohoa, angeletwa amechelewa. Nilimshukuru. Halafu nilimwambia na yeye kuhusu zile sekunde kumi, sijui kwa nini, nadhani nilitaka mtu anihukumu. Aliniuliza kama kuna mwingine kwenye stoo ile aliyelijua lile neno kwenye kopo. Nikasema hapana. Akasema basi, akaenda kumwona mgonjwa mwingine. Jibu lile halikunitosha, na bado halinitoshi.

Kabla kaka hajatoka, daktari huyohuyo alimmulika macho. Alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na la kulia limekomaa. Inawezekana ni miaka ya kuchomelea kwa miwani ya jua, inawezekana ni umri, hawezi kuapa. Ila akasema linafanyiwa upasuaji, na watu wanaona. Wifi ndipo alipojua. Kaka alininunia majuma mengi kwa ajili hiyo. Lile la kopo alilisamehe kabla ya kushuka kitandani, lakini kwamba mimi nilimwambia daktari habari za macho yake, mke wake akajua, hilo lilimkaa. Nikienda kwake alikuwa akijibu salamu na kuendelea na kazi. Karakana ilikuwa imefungwa nusu. Alikuwa akikata vyuma tu na kumwachia fundi jirani amchomelee.

Mashine nilikwenda kuinunua peke yangu, na niliogopa zaidi siku hiyo kuliko nilivyoogopa Magamba tulipofika. Muuza duka alinionyesha nyingine yenye mikondo miwili, mpya, ambayo ningeipata nikikopa kidogo. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilijiuliza swali moja tu, ninachomelea nini? Nikajijibu, stenlesi nyembamba, na chuma mara chache. Nikamwambia anifungulie ile ndogo.

Safari hii niliuliza maswali yangu yote na sikumwangalia mtu usoni kujua kama anacheka. Nilitaka ijiwashe moto bila sindano kugusa chuma, kwa sababu mwanafunzi anagusa kila mara na kuichafua. Ilikuwa inaweza. Nilitaka gesi iendelee kutoka baada ya moto kuzimika, na muda wake niupange mwenyewe. Ilikuwa na kitufe. Nilitaka itumie umeme wa nyumbani bila kuangusha taa za mtaa mzima. Agoni ya kujaribia haikuwepo dukani, kwa hiyo niliomba tuijaribu kwa rodi ya kawaida, maana mashine hizo zinakubali na rodi, na nikabonyeza tochi nikasikiliza mlango wa gesi ukigonga ndani. Uligonga. Nilinunua pia ngao inayojitia giza yenyewe moto ukiwaka. Hiyo ilinipa shida kuichagua kuliko mashine, kwa sababu nilikuwa namfikiria kaka, na muuza duka alishangaa nikizimulika moja baada ya nyingine kwa kiberiti cha gesi.

Mtungi ulikuja na lori kutoka Mbeya baada ya wiki mbili na zaidi, kofia yake ya chuma ikiwa imefungwa barabara juu ya valvu. Niliyasafisha mabati yangu kwa spiriti, nikayaacha juani mpaka yakakauka kabisa, nikayanusa kipande kwa kipande. Bado nanusa mpaka leo. Nilifanya mazoezi Jumamosi tano mfululizo na kuharibu sindano nyingi.

Jumamosi ya sita kaka alikuja bila kuitwa. Alikuwa ameshafanyiwa jicho la kulia, amevaa miwani myeusi mikubwa aliyopewa na madaktari, na alikuwa ameendesha pikipiki mwenyewe, jambo alilokatazwa. Hatukuzungumza habari za kununiana. Nilimwekea kiti kivulini. Nikamwonyesha mshono wangu mrefu wa kwanza, ambao nilikuwa nauonea fahari, umelala kama sarafu zilizopangwa, wenye rangi ya majani makavu.

Aliuinua kwenye mwanga. Aliupitisha kidole gumba mwanzo mpaka mwisho, akavua miwani, akausogeza machoni, kisha akaurudisha mbali kidogo, umbali ambao mtu anayeona vizuri hushikia kitu. Nilimtazama akifanya hivyo nikajisahau nimesimama.

"Mbele ni pazuri," alisema. "Sasa geuza."

Niligeuza. Nyuma ya mshono palikuwa peusi, pamevimba vimba kama mkaa uliochemka. Sikuwa nimewahi kutazama. Aliniuliza gesi iko upande gani wa bati. Nikasema upande wa tochi. Akauliza na upande huu chuma kilipokuwa cha moto kilikuwa kinavuta nini. Nikasema hewa, mimi mwalimu wa kemia.

"Asali utaipitisha hapa?" aliuliza.

"Hapana, kaka."

"Basi kata, uanze upya."

Akavaa miwani yake, akaegemea kiti. Mimi nikaenda kuchukua grenda.